Anzia Shimoni: Mwongozo Kamili wa Kufundisha Ubunifu wa Nguo kwa Malighafi Zinazooza na Uchumi wa Mzunguko

Siku ya kwanza ya kozi hii wanafunzi hawahitaji kalamu wala kitambaa. Wanahitaji jembe.

Ninafundisha ushonaji na ubunifu wa nguo hapa Tanga, na kozi hii ya wiki kumi nimeibomoa na kuijenga upya mara kadhaa. Nilipoianzisha nilianza na maelezo ubaoni: mazingira, taka, uchumi wa mzunguko. Wanafunzi waliandika, wakafaulu mtihani, halafu wakarudi vibandani kwao kushona sare za tetroni (pamba iliyochanganywa na poliesta) kama walivyozoea. Kundi lililofuata nililianzisha na rangi za mimea, maana rangi humvuta kila mtu. Wakaipenda rangi, kitambaa wakakisahau. Siku nilipoanza na shimo ndipo kwa mara ya kwanza nilipomsikia mwanafunzi akimuuliza mwenzake, kabla hajakata nguo, "Na huu uzi wako ni wa nini?"

Mwongozo huu ni wa mwalimu mwenye wanafunzi kati ya kumi na ishirini, cherehani chache, bomba la maji na kivuli. Maabara huhitaji.

Vya kuandaa

Kitu cha kwanza ni mizani ya jikoni inayosoma gramu. Mwalimu anayekwambia rangi za mimea hupimwa kwa konzi hajawahi kurudia rangi ile ile mara mbili. Tafuta pia sufuria kubwa mbili za chuma kisichoshika kutu au za enameli. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na magadi huila alumini: maji hugeuka kijivu na nguo hutoka na madoa. Sufuria ikishaingia kwenye kazi hii isirudi jikoni kabisa. Ichore alama nyekundu, maana siku ya sherehe kuna mtu atakuja kuazima.

Vingine ni vya kawaida: ndoo, glovu za mpira, kibano, visu butu, trei bapa, shabu (ile ile ya vinyozi), magadi, siki, glisarini ya duka la dawa, na merikani isiyotiwa rangi ya kutosha kila mtu. Kila mwanafunzi awe na daftari la sampuli. Kila jaribio liandikwe humo uzito wa kitambaa, uzito wa kilichotiwa, maji, muda, na kipande chenyewe kibanwe kwa pini. Jaribio lililoharibika lisichanwe.

Wiki ya kwanza: shimo na moto

Chimba shimo la kina cha sentimita 20 hivi mahali penye udongo hai: chini ya mwembe, kandokando ya bustani, palipotupwa majani. Mchanga mtupu wa ufukweni haufai, na kifusi hakifai. Kila mwanafunzi aandae vipande vya ukubwa wa kiganja: merikani, tetroni ya sare, kanga, jezi ya mpira, singa kidogo za mkonge, na kipande cha shati la mtumba kilichokatwa pamoja na mshono wake na kifungo kimoja. Kila kipande kipimwe, kiandikwe, kitiwe kwenye wavu wa gunia la vitunguu ili kipatikane baadaye, kisha kifukiwe na kuwekewa kijiti chenye tarehe. Mvua ikikosekana, mwagia maji kila baada ya siku mbili tatu.

Usiwaambie kitakachotokea. Waandike wenyewe kipi kitabaki na kipi kitakwisha, na kurasa hizo zisiguswe hadi wiki ya kumi.

Siku hiyo hiyo fanya jaribio la moto. Mitandio ifungwe nyuma, mikono mirefu ikunjwe, ndoo ya maji iwe chini. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibano, zisogeze kwenye mwali wa mshumaa. Pamba hushika moto mara moja, hunuka karatasi iliyoungua, na majivu yake huporomoka ukiyagusa. Poliesta hujikunyata kwanza, huyeyuka kwa moshi mweusi, na kuacha tone gumu kama ushanga. Sufu na hariri hunuka nywele. Tetroni hufanya yote mawili: huwaka kama karatasi, kisha huacha chembe ngumu ndani ya majivu.

Hapo kuna somo ambalo hukulipanga. Mwanafunzi mmoja alileta kanga ya mama yake akiapa kuwa ni pamba, kwani kanga ni pamba siku zote. Akachomoa uzi kwenye pindo, akausogeza motoni, ukasinyaa ukawa ushanga mweusi. Aliushika baada ya kupoa, akauviringisha kati ya vidole, akausukuma kwa ukucha, haukupasuka. Kanga nyingi za bei ya chini zinazouzwa siku hizi ni poliesta, na jicho peke yake halizijui. Tangu siku ile wanafunzi huchoma kila kitu, hata nguo zangu.

Wiki ya pili: kufumua

Nunua mitumba ya bei ya mwisho, ile inayobaki chini baada ya belo kuchaguliwa. Kila mwanafunzi apate nguo moja na aifumue yote kwa wembe au kifumulio, bila kukata kitambaa. Aandike dakika alizotumia. Kisha tandikeni mkeka katikati ya darasa mpange vilivyotoka: kitambaa cha mwili, bitana, gamstifu (kitambaa cha kukazia kola), uzi, vifungo, zipu, lastiki, lebo.

Shati moja la kawaida hutoa rundo la malighafi tano au sita. Waulize ni kitu gani kinazuia shati hili lisirudi kuwa kitu kingine. Mara nyingi jibu ni gamstifu ya kubandika kwa pasi, iliyogandamana na kola kiasi kwamba huwezi kuvitenganisha bila kuchana. Au ni uzi wa kunyumbuka uliosukwa ndani ya jinzi, au lastiki iliyoshonewa ndani kabisa ya kiuno.

Sasa ndipo useme maneno "uchumi wa mzunguko", si kabla. Mbele ya rundo lile maelezo ni mafupi. Kuna malighafi zinazoweza kurudi udongoni, kama pamba, mkonge, lubugo (kitambaa cha gome la mti) na sufu. Kuna zisizoweza, kama poliesta, nailoni na chuma, ambazo zinatakiwa zizunguke mikononi mwa watu na viwandani kwa muda mrefu iwezekanavyo. Nguo mbaya ni ile iliyozifunga pamoja hivi kwamba hazitengani tena, kwa sababu haiwezi kufuata njia yoyote kati ya hizo mbili.

Wafundishe pia mpangilio. Cha kwanza ni kuvaa zaidi, kisha kurekebisha, kisha kugeuza matumizi. Kurejesha nyuzi kiwandani huja mwisho. Hotuba nyingi huanza na hilo la mwisho kwa sababu linapendeza kwenye picha. Mimi humwalika fundi mzee aje kuonyesha kugeuza kola: kola ya shati ikichakaa kwenye mkunjo huifumua, huipindua upande wa ndani ukae nje, na kuishona upya. Ni kazi ya nusu saa, na shati linarudi mwilini. Vijana wengi hawajawahi kuiona.

Ukitaka mjadala, huu hapa. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ikapandisha ushuru na kushikilia msimamo, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafasi ya kuingiza nguo bila ushuru chini ya AGOA, sheria yake ya biashara na nchi za Afrika. Gawa darasa pande mbili, uketi usikilize. Wenye wazazi wanaouza mitumba watakufundisha mengi.

Wiki ya tatu: mkonge

Kwetu Tanga mkonge hauhitaji utangulizi, ila historia yake vijana hawaijui. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida. Iliyopona njiani ilikuwa michache, ikapandwa karibu na Pangani, na mashamba yote ya mkonge unayoyaona kutoka Muheza hadi Korogwe yana asili hapo. Kama uko Bukoba au Kampala, badilisha wiki hii kwa nyuzi za mgomba. Kazi ni ile ile: unakwangua shina badala ya jani.

Kata majani machache yaliyokomaa, ondoa miiba ya ncha, pima. Laza jani juu ya ubao ulioinama na ulikwangue kwa kisu butu, kutoka katikati kwenda nje, mpaka nyama ya kijani itoke na singa zibaki. Kisu kikiwa kikali kitakata singa. Lazima glovu, kwani utomvu wa mkonge huwasha ngozi vibaya, na aliyejikuna usoni atakumbuka siku hiyo. Osha mara moja, maana ukiacha kijani kikauke juu yake singa hugeuka kahawia. Anika juani.

Singa zikikauka, pima tena. Katika kilo 100 za majani singa kavu huwa kama kilo 4 hivi. Wanafunzi hudhani wamekosea kupima, wanarudia. Hawajakosea. Waulize zile kilo 96 huenda wapi. Kwa miaka mingi korona, yaani mitambo ya kuchakata mkonge, zilitiririsha maji na mabaki hayo mabondeni na mitoni. Huko Hale, wilayani Korogwe, ulijengwa mtambo wa kugeuza mabaki ya mkonge kuwa gesi ya kuzalisha umeme, na kinachobaki baada ya gesi kinafaa kuwa mbolea. Kama mnaweza kufika Hale, nendeni. Kama hamwezi, rundo lenu la nyama ya jani litupwe kwenye mboji ya shule, nanyi mmekwisha kufunga mzunguko mmoja mdogo.

Usiwadanganye kuhusu matumizi. Mkonge ni mkali, haufai kukaa kwenye ngozi. Unafaa mikoba, mikanda, kofia, mazulia, na viondo kama vya Wakamba, ambavyo navyo siku hizi vingine husukwa kwa nyuzi za plastiki.

Wiki ya nne hadi ya sita: rangi

Hapa nakaa sana, kwa sababu hapa ndipo uongo mwingi ulipo.

Uongo wa kwanza ni kwamba kila chenye rangi hutia rangi. Bitiruti hutoa maji mekundu ya kupendeza na baada ya mafuo mawili nguo ni ya rangi ya mchanga. Rosela ni hivyo hivyo. Manjano hushika mara moja, hung'aa, halafu jua huinywa. Niliwahi kumruhusu mwanafunzi atie manjano mapazia ya ofisi. Ndani ya mwezi mmoja yalikuwa na mistari: manjano kwenye mikunjo, nyeupe palipopigwa na jua. Sasa mapazia hayo ni kifaa changu cha kufundishia.

Uongo wa pili ni kwamba kitambaa kipya ni safi. Kina wanga, nta na mafuta ya kiwandani, na rangi haiingii. Anza kwa kukichemsha. Nitatumia kitambaa cha pamba cha gramu 250 kama mfano. Mahesabu yote hutokana na uzito wa kitambaa kikavu, si wingi wa maji.

Kwanza chemsha kitambaa kwa saa moja hadi mbili katika maji ya kutosha kielee, na gramu 5 za magadi pamoja na sabuni kidogo. Kisha waite wanafunzi watazame. Merikani iliyoonekana safi imetoa maji ya rangi ya chai ya rangi. Yakitoka hivyo, suuza na urudie.

Pili, pamba haishiki rangi kirahisi kama sufu, kwa hiyo ipe kwanza tanini. Chemsha gramu 50 za maganda makavu ya komamanga kwa saa moja, chuja, loweka kitambaa humo kikiwa vuguvugu usiku kucha. Majani makavu ya chai yanafaa pia, ila huacha kitambaa kimepauka hudhurungi. Magome ya mikoko yana tanini nyingi, na wazee wa pwani waliyatumia kutilia rangi nyavu. Usiyafuate: mikoko imehifadhiwa kisheria, na ni kichekesho kufundisha mazingira kwa kuchuna mikoko.

Tatu, shabu. Yeyusha gramu 38 za shabu katika maji ya moto, na gramu 5 za magadi katika kikombe kingine. Mimina magadi ndani ya shabu polepole, katika chombo kirefu, maana hutoa povu na kufura. Hapo darasa lote huruka nyuma, uwaonye mapema. Povu likitulia, ongeza maji, tia kitambaa kilicholowa, acha hadi kesho yake ukigeuza mara kwa mara.

Nne, rangi yenyewe. Maganda ya vitunguu maji, gramu 125 hadi 250, hutoa manjano ya dhahabu hadi chungwa. Maganda ni mepesi, kiasi hicho ni kapu zima, kwa hiyo zungumza na wauza chipsi wiki mbili kabla. Kokwa za parachichi kutoka vibanda vya juisi, uzito sawa na kitambaa, hutoa waridi. Zioshe zisibaki na nyama, zikatekate, zipike kwa moto mdogo bila kutokota na ziache zilale humo usiku. Majani ya mwembe hutoa manjano iliyotulia. Kitambaa kikae katika rangi ya moto saa moja, kipoe humo humo.

Tano, chuma. Weka misumari yenye kutu kwenye chupa, mimina sehemu moja ya siki na mbili za maji, usikaze kifuniko, subiri wiki mbili. Vijiko vichache vya maji haya katika ndoo ya maji hugeuza manjano ya vitunguu kuwa kijani ya zeituni, na tanini tupu kuwa kijivu. Dakika chache zinatosha. Chuma kikizidi hula pamba, na nguo itachanika mwaka ujao bila wewe kuwepo kuulizwa.

Maji yenu yana sauti katika haya yote. Maji ya kisima yenye chumvi na bomba lenye kutu hubadilisha rangi. Kundi langu moja lilipata waridi iliyofifia kama moshi na tukailaumu parachichi siku mbili, kumbe ni bomba. Kinga maji ya mvua kila inaponyesha.

Sasa majaribio, na usipokee rangi yoyote kama "imefanikiwa" kabla hayajafanyika. La jua: kipande kifunikwe nusu kwa kadibodi, kibandikwe juani kwa wiki mbili, kisha kifunuliwe. La kufua: mafuo matano kwa sabuni ya mche, kama nyumbani, na kipande cheupe kimeshonewa pembeni kuona kama rangi inahama. Matokeo yote yaingie daftarini. Mwanafunzi aliyeandika "imefifia vibaya, nadhani sikuchemsha vya kutosha" mimi humpa alama nyingi kuliko aliyebandika kipande kizuri kisicho na vipimo.

Kuhusu moto: ukipika rangi ya mimea kutwa nzima juu ya mkaa, hoja yako imeungua pamoja nao. Tumia gesi, funika sufuria, na panga vikundi viingize nguo moja baada ya nyingine katika rangi ile ile. Ya pili na ya tatu hutoka hafifu zaidi, nazo mara nyingi ndizo nzuri. Maji ya shabu yaongezewe na kutumika tena. Yakichoka, yapunguzwe makali kwa maji mengi na kumwagwa penye udongo, mbali na kisima na mboga.

Nili, ile rangi ya buluu ya mmea, sifundishi katika kozi hii. Inataka chombo kisicho na hewa na mkono wa mtu aliyeizoea. Ukiichomeka katikati itakula wiki zote.

Wiki ya saba: muhogo na mwani

Watu wengi wamesikia kuhusu "ngozi ya uyoga" na "plastiki ya mimea" mtandaoni na huja wakitaka kushona koti. Waambie mapema: tunachotengeneza hapa ni vifungo, vishaufu, lebo na vitambaa vya maonyesho. Kikilowa hulegea. Huo si ubaya kama unakijua na unakiweka mahali pake.

Wanga wa muhogo: kijiko kikubwa kimoja cha wanga, vinne vya maji, kijiko cha chai kimoja cha glisarini na kimoja cha siki. Koroga baridi mpaka pasiwe na donge, kisha weka moto mdogo ukikoroga bila kuacha. Mwanzoni ni maziwa. Ghafla hukaza, huwa kama uji, halafu weupe hutoweka na unaona chini ya sufuria kupitia kwake. Hapo epua. Tandaza kwenye trei laini kwa unene wa kadi, acha penye upepo siku mbili tatu. Glisarini ikizidi hunata milele. Ikipungua hupasuka kama tope la kiangazi. Kila kikundi kibadilishe kipimo kimoja tu, ili wajue kilichosababisha nini. Wanaopenda kubadilisha vyote kwa pamoja hawajifunzi kitu, na wapo katika kila darasa.

Usifanye wiki hii wakati wa masika. Mimi nilifanya, na Jumatatu tulikuta trei ishirini zenye ukungu wa kijani, kama bustani.

Mwani: Zanzibar wanaulima kibiashara tangu mwaka 1989, wakulima wengi wakiwa wanawake, Paje na Jambiani na kwingineko, na hata ufukweni kwetu Tanga unalimwa. Spinosamu na kotonii, aina mbili za mwani unaolimwa, zote hutoa karagini, ute unaoganda. Loweka gramu 20 za mwani mkavu, badilisha maji mpaka chumvi na mchanga viishe, chemsha katika lita moja ya maji matamu kwa saa moja au zaidi mpaka ulainike kabisa, chuja kwa merikani ungali moto, ongeza kijiko kikubwa cha glisarini, rudisha motoni upungue, mimina kwenye trei. Kotonii hukaza zaidi, spinosamu huwa laini ya kunyumbuka. Vipimo hivi ni pa kuanzia, si msahafu.

Maelekezo mengi ya mtandaoni hutumia jelatini. Darasani kwangu siitumii, kwa sababu haijulikani imetoka kwa mnyama gani, na nusu ya wanafunzi wangu wasingeigusa. Muhogo na mwani havina swali hilo.

Ngozi ya chai iliyochachushwa nayo inawezekana: chai ya sukari, gramu 100 za sukari kwa lita, na utando mama wake. Kwa joto letu utando mnene hutokea ndani ya wiki mbili tatu. Weka beseni moja la kuonyesha, inatosha.

Wiki ya nane na ya tisa: kukata na kushona

Anza kwa nguo ambazo hazikatwi. Kanga, kikoi, shuka: mstatili unaotoka mtamboni ndio unaovaliwa, na hakuna kipande kinachodondoka. Kisha waonyeshe lubugo ya Buganda, ambayo hata mtambo haina. Gome la mti wa mutuba huchunwa wakati wa mvua, shina lililobaki wazi hufungwa majani ya mgomba, na gome huota tena, hivyo mti mmoja huvunwa mwaka baada ya mwaka. Gome hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, mipana kwanza na myembamba mwisho, mpaka linatanuka na kuwa laini. UNESCO iliitangaza sanaa hii mwaka 2005 na kuiingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2008. Wahaya wa Kagera nao waliivaa. Ukipata kipande, kipitishe mikononi mwao wakiwa wamefumba macho.

Kazi ya mwisho ni vazi moja kwa kila mwanafunzi, chini ya masharti manne. Kitambaa, uzi, vifungo na bitana viwe vya kundi moja, ama vyote vya kurudi udongoni ama vyote vya kiwandani. Gamstifu ya kubandika marufuku, anayetaka kola ngumu akunje merikani mara mbili na kuishona. Vipande vinavyodondoka vipimwe, na mwanafunzi apange karatasi zake upya mpaka vipungue. Tena vazi liwe na akiba ya mshono upana wa kidole kiunoni na ubavuni, ili lipanuliwe, kama mafundi wa zamani walivyofanya bila kuita jina lolote.

Uzi wa pamba utakusumbua. Maduka mengi huweka poliesta tu, na mwenye duka atakushangaa. Agiza kwa wingi kabla kozi haijaanza, na urekebishe mkazo wa cherehani, kwani hukatika upesi. Vifungo vya kifuu cha nazi vinachongeka kwa msumeno mdogo na msasa. Hiyo ni jioni moja ya kelele na vumbi, vaeni barakoa.

Ndani ya kila vazi ishonwe lebo ya merikani iliyoandikwa kwa mkono: kitambaa ni nini, uzi ni nini, rangi imetoka wapi, ifuliwe vipi, ifumuliwe kuanzia wapi.

Mtihani wangu ni huu. Wanafunzi hubadilishana mavazi, kila mmoja hupewa kifumulio na lebo ya mwenzake, na dakika kumi na tano za kutenganisha sehemu alizoambiwa bila kuchana kitambaa. Anayepimwa ni aliyeshona, si anayefumua. Kuna nyuso hukunjamana kumwona mwenzake akihangaika na mshono wa marudio matatu.

Wiki ya kumi: fukueni

Leteni jembe lile lile, ndoo ya maji na madaftari. Chimbeni taratibu kwa mikono mkikaribia wavu. Osheni kila kipande kwa maji ya kutiririka, mkianike, mkipime, halafu ndipo kurasa za utabiri zifunguliwe.

Kwa kawaida merikani hutoka kama wavu wa buibui uliolowa, au haitoki. Singa za mkonge huwa zimelainika na kukatika. Jezi iko kama ilivyoingia, ina tope tu. Tetroni huwashangaza: kipande kipo, ukubwa ule ule, lakini kimekuwa chepesi na chenye mwanga, kwa sababu pamba imeliwa na poliesta imebaki peke yake. Shati la mtumba, kama lilikuwa pamba, ndilo la kusubiri. Mara ya mwisho msichana mmoja aliinua kutoka kwenye wavu mstari wa uzi mweupe, urefu wa kidole, umepinda vile vile mshono ulivyopinda, kitambaa hakipo pande zote mbili, na kifungo kinaning'inia mwishoni. Aliusuuza bombani, akaulaza kwenye kiganja na kuanza kuhesabu mishono.

Kisichooza kirudisheni kwenye wavu, mkifukie tena mahali pale pale, na muongeze tarehe ya leo kwenye kijiti. Kundi lijalo litakikuta.